Bwana afya, acha kuhesabu vigae

JICHO LA MTAANI
Na Tabu Mwinyikondo

Kila baada ya muda halmashauri zetu za mijini hupandwa na homa ya usafi, na wa kwanza kulipata joto lake ni muuza nyama wa mtaani. Maofisa huingia na fomu mkononi. Ukuta una vigae? Dirisha lina kioo na wavu? Muuzaji amevaa koti jeupe na kofia? Gogo limeondolewa, msumeno wa umeme umewekwa? Anayeshindwa hulipa faini au hutiwa kufuli, habari inasomwa redioni, na baada ya siku chache bucha linauza tena kama kawaida. Safu hii haina ugomvi na usafi. Ugomvi wake ni na fomu. Karibu kila kinachoulizwa pale ni kile kinachoonekana na mtu aliyesimama barabarani, ilhali nyama huharibika, au husalimika, saa nyingi kabla haijafika kwenye ndoana ya bucha. Tunamwandama mtu wa mwisho katika safari ndefu kwa sababu ndiye aliye karibu, na kwa kufanya hivyo tunadhoofisha duka ambalo, pamoja na madoa yake yote, humpa mlaji ulinzi ambao supamaketi haiwezi kumpa.

Tuanze na ulinzi huo, maana hausemwi. Kwenye bucha la Manzese, Mbagala au Buguruni, paja la ng'ombe limening'inia mbele yako. Unaona rangi yake, unaona mafuta yake, na ukiinamisha kichwa unaona muhuri wa wino wa mkaguzi wa machinjioni. Unasema unataka hapa na si pale, mbavu au kidari, mnofu mtupu au mchanganyiko, na kisu kinapita ukiwa unatazama. Ukitaka ya kusaga, inasagwa kutoka kwenye kipande ulichokichagua mwenyewe. Jambo hili la kusaga si dogo. Ndani ya msuli wa mnyama mwenye afya huwa hakuna vijidudu vya kutajika. Uchafu hukaa juu, ulikoachwa na kisu, mikono, ngozi au utumbo uliotoboka wakati wa kuchuna. Kipande kizima kikiingia kwenye maji yanayochemka, kile kilichokaa juu ndicho kinachokufa kwanza. Nyama ikishasagwa, cha juu kimekuwa cha ndani, na nyama za ng'ombe wengi zinaweza kuwa zimeingia kwenye pakiti moja bila mtu yeyote kujua ni wangapi.

Walaji wa Ulaya walijifunza thamani ya safari fupi kwa njia ya aibu. Januari 2013 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitangaza kwamba baga zilizouzwa kuwa za ng'ombe zilikutwa na nyama ya farasi. Katika sampuli moja farasi alichukua asilimia 29. Baada ya hapo ikaja lasanya ya boksi, na wachunguzi walipoifuata njia yake walijikuta wakipita Romania, Uholanzi, Cyprus, Ufaransa na Luxembourg, nyama ikibadilisha wenyewe kwenye karatasi huku yenyewe imeganda ndani ya friza. Haya yalitokea katika nchi zenye maabara, sheria nene na vyumba vya baridi visivyokatika umeme. Mwenye bucha wa mtaani, hata awe mjanja namna gani, atapata kazi kubwa kumning'iniza farasi mzima mbele ya wateja wa Temeke akamwita ng'ombe.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao. Julai 2019 kituo cha NTV kilirusha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi yalikuwa yakitumia kemikali, sodiamu metabaisalfaiti, kuifanya nyama iliyokaa ionekane nyekundu kana kwamba imechinjwa alfajiri ile. Serikali ilifunga vitengo vya nyama vya baadhi ya maduka hayo. Watu walishangaa kwamba uovu ulitoka mahali penye viyoyozi na vioo, lakini ukiifikiria biashara yenyewe hakuna cha kushangaza. Duka lenye rafu ndefu lazima rafu ijae muda wote, na rafu iliyojaa muda wote ina nyama ya jana na ya juzi. Bucha dogo huchukua robo mbili au tatu za ng'ombe kwa siku na kuomba Mungu ziishe kabla ya magharibi. Kishawishi cha kuipamba nyama ya zamani hupungua pale ambapo nyama ya zamani ni chache.

Sasa tusikilize upande wa pili, kwa sababu una hoja nzito. Wa kwanza atasema: joto na nzi. Hili halikataliki. Dar es Salaam ya Februari ni bafu la mvuke, na bakteria wengi, wakipata joto na unyevu wanaoutaka, wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: mmoja, kwa saa nne, amekuwa zaidi ya 4,000. Mfumo wa bucha letu ulijengwa juu ya mambo mawili yanayozuia hatari hiyo, yaani kuchinja usiku na kuuza asubuhi, kisha kupika sana. Jikoni kwetu nyama huchemshwa kwanza, ndipo iungwe au ikaangwe. Steki inayotoa damu kwenye sahani ni mambo ya hotelini. Lakini tusijidanganye kwamba kuchemsha hutibu kila kitu. Sumu inayoachwa na baadhi ya bakteria, wale wanaotoka kwenye vidonda vya mikono ya wanaoshika nyama wakiwemo, hustahimili moto hata bakteria wenyewe wakifa. Kwa hiyo nyama iliyolala buchani mpaka saa kumi jioni bila friji ni nyama ya kuogopa, na mamlaka ina haki kamili ya kulisema hilo. Ajabu ni kwamba fomu huuliza habari za kioo kwa ukali kuliko inavyouliza nyama hii imetundikwa hapa tangu saa ngapi, na kama muuzaji ana bomba la maji na sabuni ya kunawia.

Wa pili, na huyu ndiye mpinzani mwerevu, atasema kwamba sifa njema za bucha zinatokana na kutohesabiwa kwa wagonjwa wake. Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko wa listeria mwaka 2017 na 2018, ikathibitisha wagonjwa 1,060 na vifo 216, na Machi 2018 chanzo kikatajwa: polonyi na nyama nyingine za kusindika kutoka kiwanda kimoja cha Polokwane. Shirika la Afya Duniani liliuita mlipuko mkubwa kuliko wote wa aina hiyo uliowahi kurekodiwa. Ni rahisi kulitumia tukio hilo kama fimbo ya kuvichapia viwanda, hasa kwa kuwa listeria hukua hata ndani ya friji. Mpinzani atanijibu kwamba Afrika Kusini ilijua kwa sababu ilipima. Nani anayepima matumbo yanayouma Tandale? Anayeharisha hununua dawa duka la jirani, akanywa uji, yakaisha. Nakubali. Siwezi kudai kwamba bucha linaua wachache; ninachoweza kudai ni kwamba kosa la bucha moja huishia kwenye mitaa miwili mitatu, na mtaa humjua aliyelitenda. Kosa la kiwanda husafiri na lori. Na kama tatizo ni kutohesabu, basi dawa yake ni kuhesabu, si kumfungia mtu ambaye hatujapima chochote chake.

Wa tatu atataja mzani. Ni kweli, kupunjwa kupo, na mfupa unaotupiwa juu ya sahani ya mzani kama nyongeza wakati ndio unaokamilisha kilo ni mchezo wa zamani. Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo na stika yake ya uhakiki inasomeka. Tuendelee.

Gogo linastahili maneno zaidi kwa sababu limekuwa adui rasmi. Mamlaka zimewataka wenye mabucha mara nyingi waachane na gogo na shoka, na sababu moja ni nzuri kabisa: shoka huvunja mfupa vipande vipande, na mlaji huokota vibanzi kwenye mchuzi, au kwenye koo la mtoto. Sababu ya pili, kwamba mbao ni kiota cha vijidudu na plastiki ni salama, haina nguvu inayodhaniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipaka bakteria juu ya mbao za kukatia na zile za plastiki. Juu ya mbao bakteria walizama ndani na hawakuongezeka. Juu ya plastiki iliyokwisha kuchanwachanwa na visu ilikuwa vigumu kuwaondoa. Gogo la bucha halifanani na kibao cha jikoni, lina nyufa na hubamizwa kutwa, kwa hiyo siliombei pepo. Ila msumeno wa umeme usiofunguliwa na kuoshwa kila jioni, wenye unga wa mfupa na mafuta ndani ya tumbo lake, si maendeleo. Ni gogo jipya lenye bili ya umeme.

Turudi basi kwenye safari, huko ambako fomu haifiki. Sehemu kubwa ya nyama ya Dar es Salaam huanzia mnada wa Pugu, ambako ng'ombe hushushwa wakiwa wametoka mikoa ya kati na ya kanda ya ziwa. Mnyama aliyechomwa sindano ya antibiotiki anatakiwa akae siku kadhaa kabla ya kuchinjwa, dawa iishe mwilini. Asipokaa, mabaki ya dawa hayatoki kwa kigae, wala kwa friji, wala kwa kuchemsha kunakotegemewa. Anayeweza kuyazuia ni mtu aliye upande wa mnada na zizi, mwenye rekodi ya matibabu. Kutoka hapo ng'ombe huenda machinjioni. Machinjio ya Vingunguti ilikuwa fedheha kwa miaka mingi, mpaka Rais Magufuli alipofika pale mwaka 2019 na kuhimiza ujenzi, kisha Shirika la Nyumba la Taifa likajenga machinjio ya kisasa. Ni hatua ya kweli, na imefanya zaidi kwa usalama wa kitoweo kuliko operesheni zote za mitaani zikijumlishwa. Lakini jiji linakula zaidi ya uwezo wa machinjio moja, na pembezoni yako machinjio bubu ambako ng'ombe huchunwa juu ya majani ya mgomba bila mkaguzi. Kisha nyama, iwe halali au bubu, hupanda gari au pikipiki. Ukitaka kujua hali ya mji, amka saa kumi na moja alfajiri uangalie masanduku hayo: lipi lina mfuniko, lipi lina turubai la juzi, na nani amekalia paja.

Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyozaa Bodi ya Nyama, inaigusa safari yote, kuanzia mfugaji hadi muuzaji. Kwa hiyo tatizo si kukosa sheria. Watumishi wachache wa halmashauri wanapelekwa mahali rahisi, mchana, penye kiyoyozi cha gari na wapiga picha. Na gharama ya urahisi huo hulipwa na mteja maskini. Bucha ndilo duka pekee la nyama linalouza robo kilo, au kipande cha elfu mbili, au utumbo na makongoro kwa mama mwenye kibanda cha supu, na pengine kuandika deni kwenye daftari. Nyama ya pakiti haikopeshwi. Bucha lililofungwa kwa kukosa vigae halimsukumi mteja huyo kwenda supamaketi. Linamsukuma kwa anayeuza kwenye beseni, asiye na muhuri, wavu wala anwani.

Kitakachosaidia hakihitaji fedha za kutisha. Mkaguzi wa pili usiku machinjioni. Kizuizi cha alfajiri barabarani kwa ajili ya masanduku ya nyama, badala ya mchana kwa ajili ya makoti. Bucha lipewe masharti matatu yasiyo na mjadala, yaani maji yanayotiririka, friji kwa kinachobaki baada ya saa sita mchana, na karatasi ukutani inayosema ng'ombe wa leo amechinjwa wapi, amekaguliwa na nani, saa ngapi. Vigae vifuate mwenyewe akipata. Fedha za wakaguzi zipo, kwa sababu kila kichwa cha ng'ombe kinachoingia machinjioni hulipiwa ushuru. Bajeti za halmashauri huanza kutumika Julai mosi, na madiwani huzipitisha kabla ya hapo. Wa kata yako aulizwe ni sehemu gani ya ushuru huo hurudi kulipa mtu anayepiga muhuri.