Nyuki Ataagizwa Kutoka Wapi?

Tunapojadili njaa, aghalabu tunataja mvua na mbolea, nyuki hatumtaji. Ilhali tikiti maji halizai pasipo mdudu wa kubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Mwaka 2022, wanasayansi waliochanganua kwa kompyuta takwimu za maeneo takriban 6,000 duniani walibaini kuwa palipokutana joto lililozidi na kilimo kizito, wadudu walikuwa wamepungua kwa karibu nusu. Penye kilimo cha kiasi kilichozungukwa na mimea ya asili, hasara ilikuwa ndogo. Hivyo basi, naonelea kuwa anayefyeka kichaka cha mwisho kijijini hapanui shamba, bali analitia utasa. Mwenye pesa ataagiza matunda ng'ambo. Mkulima mdogo ataagiza nyuki kutoka wapi?