Mama, Naomba Hela ya Kamera

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa. Mtuwie radhi, habari hiyo tumeisogeza mbele kidogo, kwa kuwa limetufikia jambo ambalo tumeshindwa kulinyamazia.

Jumamosi moja, tulipomaliza usafi wa kanisa, mama mwenzetu mmoja wa Makanyagio alitusubiri mlangoni mpaka wengine wote wakaondoka. Tukadhani ana shida ya mwili, maana ndivyo wengi wanavyotufuata, kwa kunong'ona, wakijua sisi ni wauguzi. Kumbe sivyo. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani, alipewa na baba yake magunia manne ya mpunga akauze, apate ada ya chuo cha ufundi. Kuuza akauza. Lakini akarudi na simu kubwa yenye kamera nzuri, na vijiti vya kuisimamishia. Alipobanwa akasema anataka kutengeneza sinema na kuziweka kwenye intaneti, na kwamba wapo watu wameendelea kwa njia hiyo. Tangu siku ile baba hasemi na mwana.

"Sista," mama yule akatuambia, "mimi nimekaa kati yao kama chungu juu ya mafiga. Niambieni ukweli. Pale kuna kazi, au ni uhuni tu?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwomba wiki moja. Tukawatafuta vijana wanaopiga picha za video za kwaya, nao wakatuonyesha habari za mtu mmoja wa jirani zetu Uganda. Tukazifuatilia wenyewe, tena kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia, hata chai ikapoa.

Mtu huyo ni Isaac Nabwana. Alizaliwa mwaka 1973 na kukulia Wakaliga, mtaa wa watu wa hali ya chini katika jiji la Kampala. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Ninyi wa Nsemulwa na Ilembo hatuna haja ya kuwaeleza kazi ile ilivyo, na jinsi mgongo unavyolia usiku. Utotoni alipenda sinema bila kuziona. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda kwenye ukumbi wa video, akirudi anamsimulia. Hela ya matofali ndiyo iliyomnunulia kamera. Alijiunga na kozi ya kutengeneza kompyuta, akasoma mwezi mmoja tu, fedha zikaisha. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe, kwa kompyuta alizoziunganisha kutokana na vipuri vikuukuu.

Mwaka 2005 akaanzisha kampuni nyumbani kwake, akaiita Ramon Film Productions. Jina Ramon alilitoa kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Hilo lilitufurahisha, tukasema walau huyu anakumbuka alikotoka.

Filamu iliyomtoa inaitwa Who Killed Captain Alex?, yaani "Nani Aliyemwua Kapteni Alex?" Ni ya mapigano, yenye kung fu, bunduki na helikopta. Inasemwa gharama yake haikuzidi dola 200, karibu laki tano za kwetu kwa thamani ya siku hizi, na mwenyewe amewahi kusema ilikuwa chini ya dola 85. Bunduki zilichongwa na fundi wa hapo hapo mtaani kwa vyuma chakavu. Moto na helikopta vilitiwa kwa kompyuta.

Hapa mturuhusu tuseme jambo kama wauguzi. Filamu zile zina damu nyingi, na zamani walitumia damu halisi ya ng'ombe. Mwigizaji mmoja akaugua brusela, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, wakaacha. Sasa hutia maji yenye rangi nyekundu ya chakula ndani ya kondomu, wakaifunga kifuani chini ya shati na kuipasua kwa kuvuta uzi wa kuvulia samaki. Mkoani Katavi tunaishi na mifugo mingi, nasi tunajua jinsi brusela inavyojificha: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma, na mgonjwa anatibiwa malaria mara tatu bila nafuu. Chemsheni maziwa, akina mama, hata yale anayoleta shemeji kutoka porini. Na kijana akitaka damu ya sinema, mpeni rangi ya keki.

Turudi kwenye habari yetu. Mnamo Januari 2010 Nabwana aliweka kionjo cha filamu hiyo kwenye YouTube. Ni kipande kifupi tu, lakini watu wa nchi za mbali wakaanza kupelekeana, wakashangaa na kucheka, na waliokiona wakafika mamilioni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo tulipomwambia yule mama aweke masikio. Wakati watu hao wote wanatazama, si wao waliokuwa wakilisha nyumba ile. Kilichouzwa kilikuwa santuri za DVD, tena kwa miguu. Waigizaji wenyewe walizibeba mlango kwa mlango, na mwenye kuuza alipata nusu ya bei. Ilibidi wauze haraka katika siku za kwanza, kabla wezi wa kazi za watu hawajanakili na kuuza za kwao. Yaani sifa ilitoka Ulaya na Marekani, na unga ulitoka Kampala, kwa jirani aliyekubali kufungua mlango. Sisi tuliouza maandazi wakati wa likizo za chuo tunajua hesabu hiyo.

Hasara pia walipata. Ile nakala ya kwanza ya Kapteni Alex haipo tena. Nabwana aliifuta kwa sababu kompyuta haikuwa na nafasi ya filamu iliyofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayesimulia na kutania juu ya picha, kama Lufufu alivyokuwa akifanya kwenye mikanda iliyoletwa huku kwetu. Filamu nyingine, Tebaatusasula, iliteketea pale umeme ulipopanda ghafla na kuua diski. Sisi tuliokaa Mpanda miaka ile ya majenereta ya dizeli, tukipoteza redio na friji kwa mtindo huo huo, tulimhurumia mno.

Mwishoni mwa mwaka 2011 Mmarekani mmoja wa New York, Alan Hofmanis, aliyekiona kile kionjo, alipanda ndege kwenda kuwatafuta, na baadaye akahamia Wakaliga kabisa kufanya nao kazi. Mwaka 2015 filamu nzima ya Kapteni Alex ikawekwa YouTube bure. Mwaka huo huo waliomba msaada kwenye intaneti kwa ajili ya filamu nyingine ya Tebaatusasula. Waliomba dola 160 tu. Watu 374 wakachanga zaidi ya dola 13,000. Bad Black ikaonyeshwa katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas mwaka 2016, na Crazy World, ya watoto waliotekwa wanaojiokoa kwa kung fu, ikaonyeshwa Toronto, Kanada, mwaka 2019. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta. Hesabuni miaka: tangu 2005 hadi 2019 ni miaka kumi na minne. Kijana wa Makanyagio alimwambia mama yake miezi sita.

Kisha tukauliza swali ambalo wale vijana wa kwaya hawakulitegemea: mkewe yuko wapi katika habari hizi? Yupo. Anaitwa Harriet, naye ameiendesha studio ile pamoja na mumewe. Nyumba yao ndiyo studio yenyewe, uani ndiko wanakopigania. Mama mwenye nyumba iliyojaa wageni tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyekuja na kibaba cha unga, hahitaji kuelezwa kazi ya Harriet ilikuwa nini. Magazeti yanampa mstari mmoja. Sisi tungempa ukurasa.

Kuhusu filamu zenyewe, hatuwezi kuwadanganya. Kuna kupigana na kuuana kwingi, ingawa wanafanya kwa utani, na watoto wadogo wasiachwe nazo peke yao. Tulicheka, tunakiri, lakini mara mbili tuligeuza uso.

Basi wiki ilipokwisha tukamwita yule mama pamoja na kijana wake. Baba hakuja. Tulimwambia kijana kwamba kazi ipo, na aliyeifanya alianza na tanuru la matofali, hakuanza na magunia ya baba yake. Tukamwuliza kama anajua YouTube inaanza lini kumgawia mtu mapato ya matangazo. Hakujua. Ni mpaka awe na wafuatiliaji 1,000, na video zake zitazamwe saa 4,000 katika miezi 12, au video fupi fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Hata hapo, fedha hazitumwi mpaka zifikie dola 100. Na sinema hapa nchini ina kibali chake cha Bodi ya Filamu, si ya kupiga tu na kuuza. Akanyamaza, akatazama viatu.

Mama yake ndiye aliyesema, tena kwa upole, "Kwa hiyo mpunga wa baba yako tunaurudishaje?"

Tukakaa mpaka jioni tukiandika kwenye daftari. Kijana atapiga video za harusi, vipaimara na misiba kwa wanaohitaji, kwa bei iliyoandikwa. Nusu itamrudia baba hadi magunia manne yatimie, robo kwa ada ya chuo, na robo inayobaki ni ya bando na hizo sinema zake. Kila kazi aihifadhi mahali pawili, kwa ajili ya lile jambo la diski. Simu haiuzwi. Hilo mama alilisimamia kuliko sisi, maana sisi tulikuwa karibu kusema iuzwe.

Mpaka tunaandika haya amepiga harusi mbili. Ya kwanza sauti haikusikika vizuri, bibi harusi akanung'unika, akalipwa nusu. Ya pili ilikwenda vyema. Mama anasema aliziweka zile fedha za kwanza mezani mbele ya mumewe bila neno. Mzee akazihesabu mara mbili, akazitia mfukoni, akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe. Na mwana bado hajasema naye, lakini jioni ile aliuliza jikoni kama yule mtoto ameshakula.

Ya lishe tutaendelea nayo mwezi ujao.