Chongqing haijulikani kwa picha, hujulikana kwa miguu
Safu ya NJIA PANDA, na Salma Mwinyihaji

Wafanyabiashara wetu waendao China wana njia yao waliyoizoea: Guangzhou kwa mzigo mkubwa, Yiwu kwa bidhaa ndogondogo, kisha uwanja wa ndege. Mwenye nafasi ya kuongeza siku nne, namshauri apande treni ya mwendokasi kutoka Guangzhou, apitie Guiyang, na siku hiyohiyo atakuwa Chongqing. Akishafika, asifuate mkumbo wa wageni wanaokimbilia sehemu tatu walizoziona kwenye simu, wakapiga picha na kuondoka. Mji huu hupandwa.

Kwanza tuweke hesabu sawa. Utasikia kuwa Chongqing ni mji mkubwa kuliko yote duniani, wenye watu milioni 32. Idadi hiyo ya sensa ya 2020 ni ya mkoa mzima, ulio chini ya serikali kuu moja kwa moja tangu 1997. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 82,000, unazipita Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na ndani yake mna milima, mashamba na vijiji. Kiini cha mji ni Yuzhong, rasi ya mawe na miinuko iliyobanwa kati ya mito miwili, Yangtze na Jialing.

Mito hiyo hukutana Chaotianmen, na hapo ndipo pa kuanzia. Majira ya joto utayaona maji ya kijani ya Jialing yakijipenyeza katika maji ya udongo ya Yangtze. Kwa karne nyingi mizigo ilishushwa hapa kutoka kwenye majahazi, ikapandishwa mjini kwa mabega ya watu. Wapagazi hao, maarufu kwa jina la bangbang, hubeba kwa mizega ya mianzi. Magari na lifti vimewapunguza sana, lakini hawajaisha. Ukiwakuta kwenye ngazi, wapishe njia, kisha watazame. Maajabu mengi utakayoonyeshwa katika mji huu yanajibu swali lao: mtu na mzigo wake watafikaje juu?

Gari la nyaya linalovuka Yangtze, lenye urefu wa mita 1,166, lilianza mwaka 1987 ili watu wavuke kwenda kazini na kurudi. Ngazi za umeme za Huangguan, mita 112, zinawapandisha abiria tangu 1996 kutoka bonde la Caiyuanba hadi Lianglukou. Na treni ya reli moja inayopita katikati ya jengo la ghorofa 19 pale Liziba, ile ambayo wageni hujazana chini yake na simu mikononi, haikutoboa nyumba ya mtu. Ardhi ilikuwa finyu, mlima huku na mto kule, basi wahandisi wakapanga kituo na makazi kwa pamoja, kila kimoja na nguzo zake. Kituo kimekaa ghorofa ya 6 hadi ya 8, na watu wanaishi juu yake. Mimi nasema usibaki chini kuipiga picha. Kata tiketi, panda, nenda nayo mpaka mwisho wa njia, na utaona jinsi mji unavyokunjuka kando ya Jialing.

Hongyadong nako uende, ingawa jengo la sasa ni la 2006. Lina ghorofa 11 na limejengwa kwa mtindo wa nyumba za kale za nguzo zilizoegemea jabali. Ingia kwa mlango wa chini kando ya mto, panda hadi juu kabisa, utatokea kwenye barabara nyingine yenye magari na maduka. Ramani ya simu itakuambia unakokwenda ni mita mia tu. Haitakuambia kuwa mita hizo zinaelekea mbinguni. Vaa viatu vya kutembelea, na uulize wenyeji.

Lakini pasikupite pale penye mahandaki. Serikali ya China ilipolikimbia jeshi la Japani mwaka 1937, Chongqing ikawa makao yake makuu hadi 1946. Kuanzia 1938 hadi 1943 ndege za Japani ziliupiga mji mabomu. Ukungu wa majira ya baridi uliwasitiri wakazi. Mbingu zilipotakata, waliingia chini ya miamba. Tarehe 5 Juni 1941 watu wengi walikufa kwa kukosa hewa katika handaki moja katikati ya mji, na hadi leo ving'ora hulia kila 5 Juni. Baadhi ya mahandaki hayo sasa ni migahawa. Anayekula humo ajue yuko wapi.

Chakula chenyewe ni huoguo, sufuria inayochemka mezani, yenye pilipili nyingi, mafuta ya ng'ombe na viungo vinavyotia ganzi ulimi. Matumbo ndiyo nyama yake ya asili, kwani kilikuwa chakula cha wachapakazi wa bandarini. Tumbo lisilozoea liombewe sufuria ya pande mbili, mmoja bila pilipili. Muislamu atafute migahawa yenye alama ya qingzhen, maana mafuta ya nguruwe hutumika sana katika tambi za huko.

Nenda Machi na Aprili, au Oktoba na Novemba. Joto la huko si la mchezo: Agosti 2022 lilifika nyuzi 45 wilayani Beibei, milima ikashika moto, na vijana wenye pikipiki wakajitolea kuwapandishia wazimamoto maji na vifaa mahali pasipofika gari. Ukibaki na siku moja, itumie Dazu, kwenye michongo ya miambani ya karne ya 9 hadi ya 13, iliyo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1999.

Kata viza mapema, unganisha kadi yako ya benki na Alipay kabla ya kusafiri, kisha uupande mji kwa ngazi zake. Biashara ya Guangzhou itakungoja.