Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Lini?

Kila afapo msanii mashuhuri katika nchi yetu, mambo huenda kwa utaratibu tuliouzoea. Redio hupiga nyimbo zake tangu asubuhi hadi usiku. Viongozi hutuma salamu za rambirambi. Umati hujaa barabarani, kama ulivyojaa Dar es Salaam Aprili 2012 alipozikwa Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga aliyeifikisha filamu ya Kiswahili katika kila nyumba yenye televisheni. Penye kaburi husemwa maneno mazuri ambayo marehemu hakupata kuyasikia alipokuwa mzima. Kisha arobaini hupita, watu hurudi makazini, na jambo huwa limekwisha.

Hatuyasemi haya kwa kuubeza msiba. Kumlilia aliyetuburudisha na kutufunza ni ada njema, na taifa lisilolia wafu wake ni taifa lisilojijua. Twauliza swali moja tu: yakisha kukauka machozi, twamwekea nini marehemu, na aliowaacha huwapata nini? Swali hili twaliuliza tukiwa tumeelekeza nyuso zetu Itetemia, kwa sababu huko yaonekana wazi jinsi watu wanavyokumbukwa na jinsi wanavyosahauliwa.

Itetemia ni pembeni kidogo mwa mji wa Tabora. Hapo ndipo palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na jina la ukoo wa Fundikira lingali latajwa kwa heshima. Historia imetuwekea habari za watemi. Yatueleza jinsi Mtemi Isike alivyopambana na Wajerumani, na jinsi alivyojilipua kwa baruti Januari 1893 kuliko kuwa mateka wao. Historia imetuwekea pia habari za wageni. Twajua kwamba Burton aliuacha mwambao Juni 1857, akafika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Twajua kwamba Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapo, mwaka 1872. Na tembe la Kwihara limefanywa makumbusho.

Lakini wageni hao hawakujibebea mizigo yao. Walibebewa na wapagazi, na wengi katika hao walikuwa Wanyamwezi. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Wimbo ulianzishwa, wenzake wakaitikia, na mizigo i mabegani. Wimbo ule haukuwa mchezo. Ulikuwa sehemu ya kazi. Ulilinganisha hatua, uliondoa uchovu, ulimpa moyo aliyetaka kuketi njiani. Wazungu waliandika vitabuni mwao kwamba waliusikia. Jina la mtunzi hawakuliandika, wala sisi wenyewe hatukulishika.

Basi tazameni mizani ilivyo. Biashara ya nusu ya bara ilipita juu ya mabega ya watu walioimba, na leo hakuna awezaye kutuambia ni nani aliyetunga wimbo upi. Nyumba ya mgeni imehifadhiwa. Wimbo wa mwenyeji haukupata hata ukurasa wa daftari. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Yuko atakayesema kwamba zama zile hapakuwa na vinasa sauti, kwa hiyo hapana wa kulaumiwa. Twakubali. Tuje basi katika zama ambazo vinasa sauti vilikuwapo.

Baada ya vita kuu ya pili, Tabora ilikuwa mji wa muziki wa dansi. Kiko Kids walianza katika miaka ya 1950. Wakafuata Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na sauti za magitaa yao zilisikika mbali sana na Unyamwezi. Hapana mtu mzima wa nchi hii asiyewahi kuusikia wimbo wa Dada Asha wa Tabora Jazz. Lakini waulizeni vijana kumi wanaoucheza harusini ni nani aliyeuimba. Mtapata jina la mji, hamtapata jina la mtu. Mtu huyo ni Shem Ibrahim Karenga, aliyefariki Desemba 2014.

Njia ile ile ya kati haikupitisha pembe na nguo tu. Ilipitisha pia muziki. Remmy Ongala alizaliwa upande wa Kindu, katika nchi ya Wamanyema ambayo misafara ya Tabora iliifikia zamani. Alikuja kwetu, akaimba kwa Kiswahili juu ya maskini na juu ya kifo, akafia Dar es Salaam Desemba 2010. King Kiki naye alitoka Kongo katika miaka ya 1970, akawa mtu wetu, na alipofariki Novemba 2024 nchi nzima iliukumbuka wimbo wake wa Kitambaa Cheupe. Hawa si wageni waliopita. Hawa ni watu waliofanya kazi hapa mpaka nguvu zikawaishia.

Tumesema kazi, na hapo ndipo lilipo jambo letu. Mwanamuziki ni mfanyakazi. Wasomaji wetu walio katika vyama vya wafanyakazi walijue hili kuliko watu wengine, kwa maana mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, ndicho kilichoanzisha bendi ya NUTA Jazz na kuwaajiri wapigaji wake. Bendi hiyo ilibadili jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Katika waanzilishi wake alikuwamo Muhidin Maalim Gurumo. Aliimba kwa zaidi ya miaka 50. Alipostaafu mwaka 2013 alieleza kwamba katika maisha yake yote ya muziki hakupata kumiliki gari. Kijana Diamond Platnumz akamzawadia gari. Aprili mwaka uliofuata, 2014, mzee akafariki.

Twamsifu kijana kwa adabu yake. Wema wa namna hiyo hauna budi kusifiwa. Lakini mfanyakazi hatunzwi kwa bahati ya kukutana na mtu mwema. Fundi wa reli pale Tabora akistaafu, hangoji zawadi ya kijana aliyepanda treni. Ana mafao yake, na hayo ni haki yake. Kwa nini aliyewapa watu furaha kwa nusu karne amalizie siku zake kwa kutegemea huruma?

Tutafute chanzo. La kwanza ni vyombo. Katika bendi nyingi, gitaa halikuwa mali ya mpigaji bali ya mwenye bendi, awe tajiri, shirika au jumuiya. Mpigaji akiondoka, aliondoka na vidole vyake tu. La pili ni santuri. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, na kanda zikabaki huko. Santuri nyingi zilitengenezwa Nairobi, na mtunzi aliyekuwa Tabora hakuwa na njia ya kujua zimeuzwa ngapi. La tatu ni mikataba. Filamu nyingi za wakati wa Kanumba ziliuzwa kwa msambazaji kwa bei ya mara moja. Hata zikitazamwa miaka ishirini, jasho lilikwisha kulipwa siku ile moja. Mzee wetu wa vichekesho, King Majuto, alifariki Agosti 2018, na katika ugonjwa wake taifa lilianza kusema kwa sauti kuhusu mikataba ya wasanii. Yafaa tujiulize kwa nini tulingoja mpaka mtu awe kitandani.

Linganisheni na waandishi wa vitabu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alifariki Januari 2020. Hakuwa tajiri kwa sababu ya vitabu, wala njia yake haikuwa laini. Rosa Mistika, aliyoitoa mwaka 1971, kwanza ilikatazwa mashuleni, kisha ikafundishwa mashuleni humo humo. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 87, alifungwa gerezani Kenya tangu mwisho wa 1977 hadi mwisho wa 1978, na humo gerezani aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Hata hivyo watu hawa wawili hawatapotea. Kwa nini? Kwa sababu kitabu hubeba jina la mwenyewe juu ya jalada, mwaka wake ndani, na nakala yake katika maktaba. Atakayezaliwa mwaka 2100 akitaka kumjua Kezilahabi, ataelekezwa rafu. Wimbo hauna jalada la kudumu. Ukishatengana na jina la mtunzi, huwa kama mtoto aliyepotea sokoni: kila mtu humwona, hapana anayejua wa nani.

Watakuwako watakaotupinga. Watasema kwamba zahanati zataka dawa, vijiji vyataka maji, na kwamba fedha za taifa hazifai kutumiwa kwa nyimbo za zamani. Hoja hii ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini hatuombi fedha za dawa. Twaomba msanii alipwe kutokana na kile anachokizalisha mwenyewe. Wimbo upigwao hotelini, katika basi na redioni humletea mtu fulani faida kila siku. Sehemu ndogo ya faida hiyo ni haki ya mtunzi, na akifa ni haki ya watoto wake. Sheria haikosekani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoiunda COSOTA, na mapatano ya kimataifa ambayo nchi yetu imeyakubali yailinda kazi ya mtunzi kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, utunzi wa Karenga una mwenyewe mpaka mwaka 2064. Kinachokosekana ni daftari la kuonyesha kilicho cha nani, na moyo wa kulifuata.

Hapa ndipo mwanachama wa kawaida anapoingia. Kazi ya kuandika majina haihitaji wizara. Katika kila tawi na kila kata, toka Itetemia hadi mwambao, wapo wazee waliopiga gitaa, waliopuliza tarumbeta, walioimba katika ngoma na kwaya, nao wangali hai. Tawi lichague vijana wawili wenye mwandiko mzuri na simu ya kunasia sauti. Wamwendee mzee, wamsalimu ipasavyo, waandike jina lake, bendi zake, nyimbo alizotunga na wenzake aliopiga nao. Nakala moja ibaki shuleni, moja ikae kata, moja apewe mzee mwenyewe na watoto wake, kwa kuwa hiyo itakuwa hati yao siku watakapodai haki. Tabora ina shule zilizowalea viongozi wa taifa hili. Hazitashindwa kuzihifadhi kurasa hizo.

Vyama vya wafanyakazi navyo vina deni la pekee. Waliompa mwimbaji mshahara mwaka 1964 waliona mapema kuliko wengi kwamba sanaa ni kazi. Yafaa walirudie wazo hilo, wawasaidie wanamuziki wa leo kuingia katika mifuko ya hifadhi ya jamii, na kuisoma mikataba kabla ya kuitia saini. Watangazaji wa redio nao tunawaomba jambo dogo lisilogharimu senti: kabla ya kupiga wimbo wa zamani, watajeni mtunzi na mwimbaji, si bendi peke yake. Kanda zilizobaki za Redio Tanzania nazo zinakiliwe upya kabla hazijaliwa na joto na vumbi, na kila wimbo utakaonakiliwa uandikiwe majina ya wenyewe.

Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hulazwa kaburini kwa hotuba. Katika ngoma za kwetu mtu hutunzwa pale pale uwanjani, miguu ikiwa bado yakanyaga mavumbi, na mwenye kumtunza humtazama usoni. Tumeihamisha ada hiyo kutoka uwanjani kwenda makaburini, nasi twaona haya kulikiri.

Nyimbo za wapagazi wa Unyanyembe zilikwisha kwenda na upepo, na hapana fedha itakayozirudisha. Nyimbo za Tabora Jazz bado zipo, na baadhi ya waliozisikia zikitungwa bado wapo. Tofauti kati ya hasara ile na hii ni kwamba ile hatukuwa na la kufanya. Mzee aliyekaa barazani Itetemia jioni hii, akimsikia mjukuu wake akiimba wimbo ambao yeye ndiye aliyeupigia gitaa, bado aweza kuulizwa jina lake. Tumwulize kesho asubuhi.