Ulizeni Bei Kabla Gari Halijafunguliwa



Katika mikutano yetu tunazungumza mara kwa mara juu ya uaminifu kazini, na ni vema. Ila kuna mahali ambapo fedha za jamaa nyingi za Lubumbashi hupotelea kimya kimya, nasi hatupazungumzii: garaji. Wengi wenu mnapajua. Kuna wanaoendesha teksi, kuna wanaobeba watu kwa pikipiki, na kuna wanaojifunza ufundi wakiwa wamelala chini ya magari ya watu. Wengine mnatumwa na baba au shangazi kupeleka gari la nyumbani likatengenezwe, kwa sababu inadhaniwa kwamba kijana hadanganyiki kirahisi.

Simaanishi kwamba mafundi ni wezi. Ninachodai ni kwamba mtu anayelipishwa kupita kiasi amekwisha kulipishwa kabla fundi hajashika ufunguo, yaani saa ile alipoliacha gari akisema, « Angalia tu, utaniambia. » Neno hilo huwa ni ghali kuliko kipuri chochote.

Tazameni hali ya magari yetu. Mengi yalitumika Japani kwanza, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Zambia na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa. Yanapofika mikononi mwetu yana miaka mingi, usukani uko upande wa kulia, na kitabu chake, kama kimebaki, kimeandikwa Kijapani. Hapa yanakuta kiangazi chenye vumbi jekundu, halafu masika yenye mashimo yaliyojaa maji. Kwa hiyo garaji si anasa; tutakwenda tu. Na nyuma ya kila gari kuna sahani za chakula. Dereva wa teksi hana budi kila jioni kumpelekea mwenye gari fedha walizokubaliana; gari likilala garaji siku tatu, ni siku tatu ambazo nyumbani kwake watu wanatazamana. Mjane aliyenunua gari kwa akiba ya marehemu ili watoto wasome, akilipishwa mara mbili kwa kazi moja, anayefukuzwa shuleni ni mtoto.

Wengine husema, « Serikali iweke bei. » Sheria ya nchi yetu ya tarehe 9 Julai 2018 inafuata kanuni ya uhuru wa bei na ushindani. Fundi ana ruhusa ya kutaja bei yake, nawe una ruhusa ya kuikataa na kwenda kwa mwingine. Lakini sheria nyingine, ya zamani zaidi, yaani dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, inayapa mapatano halali nguvu ya kuwafunga wale waliopatana. Ukiziweka hizo mbili pamoja utaona ulinzi wako uko wapi: katika mapatano yanayotangulia kazi. Baada ya injini kufunguliwa na kutandazwa juu ya turubai, uhuru wako wa kukataa umekwisha, kwa maana gari lililofunguliwa haliendi kwa fundi mwingine.

Basi dai karatasi ya makadirio, ile tunayoiita devi. Usione haya. Karatasi ya daftari inatosha, ilimradi iseme kazi gani itafanywa, vipuri gani vitanunuliwa na kama ni vipya au vya okazyo, malipo ya kazi ya mikono ni kiasi gani, na gari litatoka siku gani. Andika pia neno moja ambalo watu hulisahau: kwamba kitu kisichoandikwa hapo hakitafanywa bila kukuita kwanza. Siku hizi kila fundi ana simu. Anaweza kukupigia na hata kukutumia picha ya kipuri kilichovunjika. Na kwa kuwa hapa kwetu tunaishi na sarafu mbili, mwandike kama bei ni ya dola au ya franka, na kama ni dola zitakazolipwa kwa franka, mbadilishano utakuwa wa siku gani. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka juu ya mbadilishano, wakati bei yenyewe haikuwa na shida.

Hapa nina neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Sisi wenye magari tumechangia ubaya huu. Fundi akitaja malipo ya kazi yake, tunayakata hadi nusu, tena kwa majivuno, kisha tunampa fedha akatununulie vipuri sokoni bila kumwuliza risiti. Tunategemea afanye nini? Kile alichonyimwa kwenye kazi atakichukua kwenye vipuri: atanunua cha okazyo na kukuandikia kipya. Hesabu yake ni mbaya, wala siitetei, lakini tumemfundisha sisi. Mimi naona ni afadhali kumlipa fundi kazi yake kwa ukamilifu, bila kumkandamiza, halafu vipuri mnunue pamoja, au wewe mwenyewe ukiwa na kipuri cha zamani mkononi na namba yake imeandikwa. Mtu aliyelipwa vizuri kwa ujuzi wake hana sababu ya kuishi kwa ujanja. Kama bado anafanya ujanja, hapo sasa umemjua, na njia za kwenda kwa mwingine ni nyingi.

Lakini mapatano peke yake hayatoshi ikiwa hujui hata kidogo kinachopatanwa. Hamtakuwa mafundi; jifunzeni tu mambo machache.

Mafuta ya injini, kwa mfano. Gari dogo la petroli lenye silinda nne kwa kawaida huchukua kati ya lita tatu na nusu na lita nne na nusu, na pikipiki za teksi kama lita moja. Ukiandikiwa lita sita kwa gari dogo, uliza mbili nyingine zimekwenda wapi. Bidoni ifunguliwe mbele yako, na chujio la mafuta libadilishwe siku hiyo hiyo, maana mafuta mapya kwenye chujio chafu ni kama kuvaa shati safi bila kuoga. Mwisho chomoa ile fimbo ya kupimia, ipanguse, irudishe, uichomoe tena. Ni jambo la dakika moja.

Plakete za breki nazo huonekana kwa macho. Zikiwa mpya, sehemu inayosugua huwa na unene wa kama milimita kumi. Zikibaki na milimita tatu, ni wakati wa kuzibadilisha. Mwambie fundi atoe gurudumu akuonyeshe. Kama zimebaki nene naye anakuambia zimekwisha, huhitaji kubishana, mwambie tu arudishe gurudumu. Batri pia haifichi siri mbele ya kipimo cha umeme ambacho kila fundi wa umeme anacho: batri nzuri iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6, na injini ikiwaka kipimo hupanda kwenye 13.8 hadi 14.5. Kikibaki chini ya 13 wakati injini inawaka, alternateri haichaji, na batri mpya utakayouziwa itakufa kama ile ya kwanza.

Nitakaa kidogo kwenye joto la injini, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakinyang'anywa fedha nyingi kuliko mahali pengine. Gari linachemka, fundi anasema mara moja, « Ni gasketi ya kichwa cha injini. » Kazi hiyo ni kubwa, ni ya siku kadhaa na fedha nyingi, na huenda ni kweli. Lakini kabla hujakubali, kumbuka kwamba mji wetu uko kwenye mita kama 1 200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hiki maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100. Injini inafanya kazi karibu kabisa na joto hilo, na kinachozuia maji yake yasichemke ni shinikizo lililofungiwa ndani na kifuniko cha radiateri. Kifuniko kikilegea springi yake au kikichanika mpira wake, maji yanachemka mapema na kutoroka, na gari linaonyesha dalili zote za ugonjwa mkubwa. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikuwa amekwisha kukopa fedha za gasketi, fundi wa pili akabadilisha kifuniko tu, na teksi ikaendelea na kazi. Si kila mara itakuwa kifuniko. Yaweza kuwa feni, au thermostati, au mpira wa maji uliopasuka. Ila gasketi iliyoungua mara nyingi ina ushahidi: mafuta kwenye fimbo yanageuka rangi ya chai ya maziwa, au mapovu yanapanda ndani ya radiateri injini ikiwaka, au moshi mweupe unaendelea kutoka hata gari likiisha kupata moto. Mwulize fundi ameona lipi kati ya hayo. (Na kifuniko kisiguswe injini ikiwa moto. Nasema hivyo kwa sababu vijana wana haraka, na uso ni mmoja.)

Juu ya mashine ya skana, nayo imekuwa mganga wa kisasa. Fundi anaichomeka chini ya usukani, inatoa namba, naye anatamka kipuri cha kununua kana kwamba mashine imekitaja. Haikukitaja. Namba P0171, kwa mfano, inasema kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi na petroli kidogo. Sababu yaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, au kihisio cha hewa kilichojaa vumbi letu la kiangazi, au pampu ya petroli iliyochoka. Mpira ni wa bei ndogo, pampu si ya bei ndogo. Namba inaonyesha mahali pa kuanza kutafuta, na kutafuta huko ndiyo kazi tunayomlipa fundi.

Kazi ikiisha, dai vipuri vya zamani. Haijalishi kama utavitupa njiani. Fundi anayejua tangu asubuhi kwamba utavidai hawezi kukuandikia kipuri ambacho hakukibadilisha.

Sasa niguse kidonda chetu wenyewe. Kuna vijana, tena waimbaji na wasomaji wa Misa, ambao wakitumwa garaji humwambia fundi, « Niandikie faktire ya juu kidogo, na yangu imo. » Wanaiita komisyo. Wengine humpeleka rafiki kwa fundi fulani kwa upendo mwingi, kumbe wamekwisha kupatana kugawana. Tunalalamika kwamba tunaibiwa garaji, na mwizi tumekwenda naye kwenye kiti cha mbele. Katekisimu ya Kanisa, namba 2409, inapofafanua amri ya saba, inaweka pamoja na wizi kule kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Na katika namba hiyo hiyo inakataza kughushi faktire na kufanya kazi vibaya. Fundi anakutana na neno lake pale, na aliyetumwa anakutana na lake. Kwenye darasa la katekisimu vijana huniuliza kama kiasi kidogo nacho ni dhambi. Mimi huwauliza kama wangethubutu kumwonyesha shangazi faktire mbili, ya kweli na ile nyingine.

Kwa ninyi mnaojifunza ufundi, najua mlivyo. Wengi hamlipwi; mwenye garaji anawaambia mtajitafutia kwa wateja. Hilo ni ovu, na halianzii kwenu. Mwanafunzi asiyepewa hata nauli atauza boliti za gari la mtu, na mwenye garaji anajua, ila anafumba macho kwa sababu linampunguzia gharama. Wazee wa chama chetu wenye garaji na karakana, nao wapo, naomba jambo hili walijibu kati yao kabla hawajatuomba tuwaletee magari. Ninyi vijana, anzeni kuandika. Fundi mchanga anayempa mteja karatasi safi, yenye kazi upande mmoja na vipuri upande mwingine, atapoteza wateja wachache wa kwanza wanaopenda bei ya mdomo. Wale watakaobaki watamletea ndugu zao.

Kundi letu la parokia limepanga Jumamosi moja ya mwezi ujao, baada ya Misa ya asubuhi, kufungua gari moja uwanjani mbele ya vijana wote, wavulana na wasichana, kila mmoja apime mafuta kwa mkono wake na aione plakete mpya na iliyokwisha. Mwalimu ni fundi wa mtaa, gari ni la mmoja wa wazazi, na mafuta ataleta mwenyewe. Malipo ya fundi kwa asubuhi hiyo tumekwisha kupatana naye, na karatasi iko kwa mwandishi wa kundi. Atakayetaka kuiona aiombe.