Motoka bila plaki, nani atajibu?

Bandugu ba Lubumbashi,

Kila siku tunaziona. Zinatoka Kasumbalesa, zinaingia mu mji, karatasi imebandikwa ku kioo, mbele na nyuma hakuna plaki. Zilishuka ku bandari ya Dar es Salaam, zikavuka Zambia, kesho zitakuwa mu parking ya kuuza. Biashara ile hatuikatai. Bengi kati yetu, na diplome mu nyumba, tunakula juu yake: kuleta motoka toka ku mpaka, kuiosha, kutafuta mununuzi, kukamata komisio. Shida iko mu zile siku kati ya mpaka na plaki ya kweli. Siku zile motoka haina jina.

Mwenzetu mumoja aligongwa jioni na motoka ya namna ile. Ilikimbia. Bashahidi baliona rangi, baliona ni ya kuuza. Ku polisi baliulizwa namba. Namba gani? Dossier ikafia pale.

Na dereva naye anateswa. Hata kama karatasi ziko sawa, kila barieri inaomba matabishi juu ya plaki yenye hakuna, na resi hapewe.

Dawa inajulikana. Ufaransa bako na plaki mbili. Ya kwanza, W garage, inapewa garage ao muuzaji, haipewe motoka. Leo anaiweka ku motoka hii, kesho ku ingine, wakati wa kuijaribu ao kuipeleka. Tarehe 31 desemba inaisha, lazima aombe upya. Ya pili, WW, ni ya motoka moja yenye inangojea namba ya kudumu. Uingereza plaki ya bauzaji ni herufi nyekundu juu ya nyeupe: polisi anaitambua toka mbali.

Tusichanganye mambo matatu. Leseni inasema nani ana haki ya kuuza. Plaki ya muuzaji inasema nani anajibu juu ya motoka leo. Plaki ya muda inasema mununuzi ni nani. Hapa kwetu muuzaji mukubwa iko na RCCM, mudogo iko na patente. Ni sawa, lakini patente inabakia mu mfuko. Haimwambie mutu wa Katuba, mwenye amelala chini barabarani, ni nani alimugonga.

Tunasikia bengine banasema: «Munataka taxe ingine!» Apana. Tunajua sana kama karatasi mupya inazaa ofisi mupya, na ofisi inazaa barieri. Njo maana tunaomba hivi, kwa serikali, kwa DGI yenye inatoa plaki, na kwa jimbo la Haut-Katanga:

1. Plaki ya muuzaji na plaki ya muda ziwe wazi: bei ibandikwe ukutani, malipo yapite ku banki, resi itoke.
2. Muuzaji mudogo mwenye patente apate haki sawa na mukubwa. Bila hivyo, bakubwa batabakia peke yao na sisi tutafukuzwa mu hii kazi.
3. Mwenye plaki ile asisimamishwe tena juu ya plaki. Barieri yenye haitoe resi ifungwe.
4. Kukiwa ajali, polisi iweze kujua siku ile ile plaki ni ya nani.

Na kwa bauzaji, bandugu zetu: musingojee sheria. Motoka ikitoka ku parking yenu, andikeni mu kaye saa, jina la dereva na namba ya châssis. Kaye ni bei ya mikate michache. Ingeweza kusaidia mwenzetu.

Hatuombe zawadi. Tunaomba kila motoka yenye inapita mu barabara zetu iwe na mutu wa kujibu.

Sisi vijana raia ba Lubumbashi