Mafuta ya Pikipiki na Kijiti Chake

Watu wa Kisangani huita pikipiki "moto". Hatuwakosoi, ila katika ukurasa huu tutasema pikipiki, asije msomaji akadhani twazungumza habari za jiko. Leo twataka kueleza jambo ambalo karibu kila mwenye pikipiki hudhani analijua, nalo ni kupima mafuta ya injini. Tumesukumwa kuliandika na kisa cha kijana mmoja wa parokia, ambacho nusura kimwondolee jina lake jema.

Kijana huyu huchukua abiria kati ya Makiso na Mangobo. Pikipiki si mali yake. Kila jioni humpelekea mwenyewe fedha walizopatana, na kinachosalia ndicho kimlishacho mama yake na kuwalipia wadogo zake wawili karo ya shule. Zamani abiria wa mji huu walipanda baiskeli zile ziitwazo toleka. Na mwenye toleka, mnyororo ukikatika, aliuunga kwa nyundo penye kivuli akaendelea na kazi. Injini haiungwi kwa nyundo. Siku moja, abiria akiwa nyuma yake, injini ilipiga kelele ya chuma kusaga chuma, gurudumu la nyuma likajifunga, nao wakaponea chupuchupu. Pistoni ilikuwa imenasa katika silinda. Fundi alipofungua bolti ya chini ya kumwagia mafuta, yalitoka mafuta yasiyotimia nusu lita, nayo injini ile hutaka lita moja.

Mwenye pikipiki akakasirika. "Umeiendesha bila mafuta," alisema, "nawe utailipa injini yote." Kijana akaapa kwamba alipima kila asubuhi, na kila asubuhi kijiti kilionyesha mafuta karibu na alama ya juu. Waliosimama pale walicheka. Sisi tulikumbuka ile amri ya nane, ambayo hutukataza pia kumhukumu jirani upesi, tukamwomba atuonyeshe kwa pikipiki nyingine ya namna ileile jinsi alivyokuwa akipima.

Akaisimamisha kwa stendi ya kando, ikaegemea upande wa kushoto kama kawaida. Akafungua kifuniko kilicho upande wa kulia wa injini, ambacho kina kijiti chini yake. Akakifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha, akakikaza mpaka mwisho, akakifungua tena, akasoma. Alifanya yote kwa uangalifu. Hata hivyo alikosea mara mbili, na makosa yake mawili yalikuwa yakivutana.

Mafuta ni kama maji katika beseni: ukiinua upande mmoja, hukimbilia upande wa pili. Pikipiki ikiegemea kushoto, mafuta huhamia kushoto, na kijiti kilicho kulia huonyesha pungufu. Mtu asiyejua huongeza mafuta yasiyotakiwa. Yakizidi sana, kranki huyapiga hata yakafanya povu, nayo husukumwa kupitia mpira wa kupumulia mpaka kwenye chujio la hewa, au hupenya kwenye sili. Ndipo utaona moshi na matone chini ya injini, na mwenyewe hudhani injini imezeeka.

Kosa la pili lilikwenda kinyume. Honda, katika vitabu vya pikipiki zake nyingi ndogo, huagiza kijiti kiingizwe tu mpaka kifuniko kikae juu ya tundu, wala kisikazwe. Ukikikaza, kitazama zaidi kwa urefu wa nyuzi za kifuniko, na mafuta machache yataonekana kuwa mengi. Lakini wapo watengenezaji waagizao kijiti kikazwe kabisa. Kwa hiyo haifai kufuata desturi ya jirani mwenye pikipiki ya namna nyingine.

Basi kijana wetu alikuwa na kosa moja lishushalo kipimo na jingine likipandishalo. Alipokaa nyumba ya kwanza, yenye ua ulio sawasawa, makosa hayo yalilingana, naye alipata kipimo kilichokaribia kweli, pasipo kujua sababu. Kisha akahama. Kwenye nyumba mpya aliegesha kando ya njia, mahali panapoinamia mtaro wa maji ya mvua, mtaro ukiwa kulia kwake. Mteremko ule ukaisimamisha pikipiki karibu wima. Kosa la kuegemea likatoweka, kosa la kukaza likabaki peke yake. Tangu siku ile kijiti kilimwambia kila asubuhi kwamba mafuta yanatosha, huku injini ikiyala kidogo kidogo, kama zifanyavyo injini ndogo zipozwazo kwa upepo zinapobeba watu watatu na gunia la mihogo katika joto letu la ikweta.

Twaomba radhi kwa kukaa sana juu ya mteremko wa mtaro, lakini ndio uliomshitaki kijana, na ndio uliomwokoa.

Sasa, ipimwe namna gani? Tafuta kwanza mahali palipo sawa. Kama huna hakika, chukua chupa ya maji iliyojaa nusu, ilaze chini ambapo magurudumu yatasimama, utazame kama maji yamelala sawasawa. Kisha igeuze kukingama, uitazame tena. Washa injini, uiache ingurume polepole dakika tatu hivi, bila kuvuta mafuta. Izime, ungoje dakika mbili au tatu, maana mafuta mengine yangali juu kwenye vali na pembeni mwa klachi, nayo yahitaji muda wa kushuka. Apimaye mara tu baada ya kuzima husoma pungufu. Kisha isimamishe wima kabisa: kwa stendi ya katikati kama ipo, au mwombe mtu aishike usukani huku ukitazama. Mtoto wa shule aweza kusaidia, naye atajifunza. Futa kijiti, kiingize kama kitabu kiagizavyo, usome. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Pikipiki zenye kidirisha cha kioo badala ya kijiti nazo zifanyiwe vivyo hivyo, kwa maana kidirisha nacho hudanganya pikipiki ikiegemea.

Wengi watasema, "Sisi tulinunua pikipiki bila kitabu." Iko njia. Siku ya kubadili mafuta, tafuta maandishi kwenye ganda la injini. Mara nyingi kiasi cha mafuta kimechorwa pale katika chuma. Mwaga mafuta yote ya zamani injini ikiwa na joto, kisha tia kiasi kile barabara, ukikipima kwa chupa yenye alama. Washa, zima, ngoja, simamisha wima. Ingiza kijiti bila kukaza, usome. Kisha kikaze, usome tena. Utaona ni namna ipi iletayo mafuta kwenye alama ya juu. Iandike katika daftari, usiitegemee kumbukumbu.

Maneno machache juu ya dalili nyingine. Mafuta yakiongezeka yenyewe pasipo kutiwa, yanuse: yakinuka petroli, kabureta inavuja, wala usiendeshe kabla ya fundi kuitazama. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, jambo ambalo wajua wenyewe wale wavukao vijito kwenye njia za msitu. Na unaponunua kopo la mafuta, tafuta maandishi JASO MA, kwa sababu katika pikipiki nyingi mafuta yayo hayo hulowesha pia klachi, na baadhi ya mafuta ya motokaa huifanya iteleze. Katekista aendaye njia ya Bafwasende kutembelea vituo vyake hatapata duka la vipuri katikati ya msitu.

Tulikwenda na kijana kwa mwenye pikipiki siku ya Jumapili, baada ya Misa. Tulimweleza habari ya chupa na mtaro. Hapo kwanza hakutaka kusikia. Lakini anayo pikipiki ya pili, ambayo huipanda mwenyewe, nasi tukamwomba aipime mbele yetu. Akaisimamisha kwa stendi ya kando, akakifuta kijiti, akakikaza mpaka mwisho. Kijana akatazama chini, asiseme neno. Ndipo mzee akakumbuka, akakiri kwamba ndiye aliyemfundisha kijana kupima namna ile, siku aliyomkabidhi funguo. Wamepatana kugawana gharama ya pistoni na silinda nusu kwa nusu, na siku zile injini ilipokuwa kwa fundi, mzee hakudai fedha za jioni.